Kuku Mweupe wa Papa Labo

Papa Labo akikata nyanya, ukilaza kile kipande juu ya gazeti, unasoma. Sikuzi maneno. Nilisoma mimi mwenyewe, Jumapili moja kwenye barza, kibaraza cha nyumba yake: tangazo la mtu aliyepoteza mbuzi, herufi zote zikionekana nyekundu kidogo. Mke wake alikuwa akimnyang'anya kisu, maana nyanya za namna ile zinayeyuka kwenye mafuta, na bukari, ugali wetu, inaliwa na maji matupu.

"Ku labo kule njo unakata vile," alimwambia. "Apa siye tunakula."

Mtaani hakuna aliyemwita jina lake. Watoto walisema Papa Labo, wakubwa walisema Papa Labo, hata kasisi alisema Papa Labo. Kazi yake ilikuwa hii: daktari akitoa kipande kidogo cha mwili wa mgonjwa, kipande kinaletwa labo, yaani maabara, kinazamishwa ndani ya nta mpaka kinakuwa kama kimshumaa kifupi. Hapo yeye anakikata kwa mashine yenye wembe, vipande vyembamba kuliko ngozi ya kitunguu. Anavitandaza juu ya vioo, anavipaka rangi, halafu daktari wa mikroskopi anaangalia na kusema kama ni kansa au si kansa. Alistaafu mara tatu. Mara tatu walikuja kumchukua nyumbani kwa gari la hospitali, kwa sababu vijana waliobaki walikuwa wakikata vipande vinene kama mkate.

Mimi nilikuwa mpangaji wake. Chumba changu kilikuwa nyuma, lakini cherehani yangu aliniruhusu kuiweka kwenye barza, karibu na dirisha la sebule, ili wateja wanione kutoka barabarani. Shule niliiacha nusu njia, ila ndoto sikuiacha: atelie yangu mwenyewe ya ushonaji, mlango wa kioo, na kioo kingine kirefu ambacho mwanamke akisimama mbele yake anajiona mzima, kuanzia kitambaa cha kichwa mpaka viatu. Papa Labo hakuwahi kuicheka ndoto hiyo. Aliniita mukataji mwenzangu. Alikuwa akipita asubuhi anashika mkasi wangu, anaupima kwa kidole gumba, anatikisa kichwa na kuuchukua akaunoe.

"Ukikata na hasira," alisema, "nyama inajikunja. Nguo pia."

Alikuwa na sheria moja aliyoishika kuliko amri zote za kanisa. Kila kipande kilichofika mikononi mwake kilikuwa na namba, na yeye hakutaka kujua namba hiyo ni nani. Majina yalikaa kwenye daftari la sekretari, chumba kingine, na chumba hicho hakukanyaga. Alisema ukijua huyu ni mama wa fulani mkono unatetemeka, na mkono ukitetemeka unamnyima yule mama jibu la kweli. Siku moja jirani yetu, mwanamke anayeuza munkoyo, kile kinywaji cha mahindi, kwenye kona, alikuja kumsihi amwambie habari ya dada yake aliyetolewa kipande cha titi. Papa Labo alimkaribisha, akampa kiti, akampa maji, na akamwambia kwa upole kabisa kwamba yeye hajui bantu, anajua banamba. Yule mama aliondoka amekasirika, na hasira hiyo aliitunza vizuri, kama mtu anavyotunza mbegu.

Lakini njoo Jumatano, kwenye sala ya jioni. Wakati kila mtu anaombea wagonjwa wake, mimi nilikaa nyuma yake na nikamsikia kwa masikio yangu. Alikuwa akinong'ona: "Bwana, mia mbili kumi na mbili. Mia mbili kumi na tatu. Na ule wa kumi na tisa, Bwana, ule angaria muzuri."

Ndivyo alivyokuwa. Mlango anaufunga, halafu anapitia dirishani.

Mlango mwingine alioufunga ulikuwa wa mkwe wake, na huo ndio uliomfunga na yeye ndani. Binti yake wa kwanza aliolewa na daktari wa hospitali ileile. Tena si daktari wa macho au wa meno: daktari wa njia ya mkojo, na kwa hospitali yetu alikuwa peke yake. Kwa desturi yao, muko, yaani mkwe, na baba-mkwe hawashikani mikono, hawali sahani moja, hawaongei habari za mwili, na mmoja kuona uchi wa mwenzake ni balaa kwa ukoo mzima. Familia nyingi, miaka ikipita, wanailegeza. Mkwe analeta kuku mweupe na kitambaa, kuku analiwa pamoja, na hapo wanasema wametosha haya, wameiondoa. Mkwe wake alikuja kuomba hivyo baada ya mtoto wa pili. Papa Labo alikataa mbele ya watu wote.

"Miye nitaenda mu retraite, nitaacha kazi," alisema. "Heshima haiendake."

Basi kazini ilikuwa sinema. Daktari alipotaka matokeo, alikuja mpaka kwenye kidirisha cha maabara, akakohoa mara mbili, akasogea hatua tatu nyuma na kugeuza uso. Papa Labo aliweka vioo kwenye sinia, akakohoa mara moja, naye akageuka. Siku moja walikutana kwenye korido nyembamba, wote wawili mikono imejaa, hakuna pa kupishana. Papa Labo aliingia choo cha wanawake. Alikaa humo dakika ishirini akiwaomba radhi wauguzi waliokuwa wakiingia. Nilipomwuliza kama haoni ni mambo ya kuchekesha kwa mtu wa sayansi, aliniangalia kama nimeuliza kwa nini watu wanavaa suruali.

Sayansi aliipenda kweli. Ulikuja msimu ambapo profesa mmoja alileta utafiti wa kansa ya prostati, ile tezi ya wanaume iliyo chini ya kibofu, na Papa Labo akapewa kazi ya kukata vipande vyote vya zamani vilivyokuwa stoo. Alirudi nyumbani akiwa kama kijana aliyepata mchumba. Alikaa kwenye kiti cha wateja wangu, na kwa kuwa hakukuwa na mwingine wa kumsikiliza, akanieleza mimi.

Juu ya cherehani kulikuwa na kitenge cha mteja, chenye picha zilizopangwa kwa mstari: taa, halafu majani mengi, halafu hindi la mahindi, halafu taa tena. Akasema ndani ya kila seli ya mwili kuna maandishi marefu kama kitambaa hiki, na kila neno la maandishi hayo ni jeni. Taa ni jeni moja inayowaka kwenye prostati. Mafuta yake ni homoni ya kiume, na ikiwaka inafanya kazi yake ya halali. Hindi ni jeni nyingine, jirani yake, ya kuotesha. Mtu akishakomaa, pale kwenye prostati hiyo inatakiwa kulala. Zinakaa mstari mmoja lakini mbalimbali, majani katikati. Sasa siku moja, ndani ya seli moja tu, kitambaa kinakatika mara mbili, majani yanaanguka, na ncha mbili zinashonwa pamoja.

"Angaria," akasema. Kabla sijafungua mdomo alikuwa ameshika mkasi wangu aliounoa mwenyewe, krrr, krrr, majani yakaanguka chini, na akaunganisha taa na hindi kwa pini zangu mbili.

"Sasa kila saa taa inawaka, mahindi inaota. Inaota, inaota. Hakuna muntu wa kuizima. Unaona? Na ile njo mwanzo, mukataji mwenzangu. Mbele ya uvimbe. Mbele ya maumivu. Muntu iko nacheza ngoma ku ndoa, iko nacheka, na ndani kule kitambaa kilishaka kushonwa mubaya, myaka kumi mbele."

"Papa," nikasema, "ile ni liputa ya mteja."

Aliangalia mkasi mkononi mwake. Mtu aliyekata maelfu ya watu bila kukosea alikuwa amekata liputa ya mke wa shefu, mkuu wa mtaa. Tulizunguka soko siku mbili kutafuta kitenge cha namna ile, yeye mbele mimi nyuma, na kila muuzaji alielezwa habari ya taa na hindi. Kile kipande kilichounganishwa kwa pini nilikiweka ndani ya droo ya cherehani. Nilikipenda tu.

Alikuwa akisema jambo moja la utafiti ule lilimfurahisha: huo muungano wa jeni wanaukuta zaidi kwa wazungu, kwa watu weusi haba. Profesa alitaka kuona kwetu ukoje. Papa Labo alijigamba kana kwamba ni yeye aliyetulinda.

Sijui ni mwezi gani nilianza kuona. Barza iko kwenye njia ya choo cha nje, kwa hiyo cherehani inaona yote. Alikuwa anapita, anarudi, na kabla sijamaliza kushona mkono mmoja wa blauzi anapita tena. Nilikuwa nasikia kimya kirefu, halafu matone, halafu kimya. Akirudi alitabasamu na kusema munkoyo wa siku hizi ni maji tu.

Muuza munkoyo naye aliona. Kwetu kuna imani kwamba mume anayesafiri sana anaweza kumfunga mke wake kwa dawa, na mwanaume mwingine akimgusa, mkojo wake unafungwa palepale. Huhitaji daktari, unahitaji kwenda kumwomba msamaha mwenye mke. Kwenye kona maneno yakaanza kutembea: Papa Labo amefungwa. Na zamani, wakati wa likizo, alikuwa akienda Kasenga kumnunulia mkewe samaki wa kuuza. Kasenga, mto Luapula, wanawake wa samaki, waume wavuvi wanaolala majini. Hadithi ilijishona yenyewe, mimi fundi sikuongeza uzi.

Mwanzoni mke wake alikuwa tu anamwekea chakula na kusimama kidogo, akimwangalia akila.

Papa Labo alikuja kwangu asubuhi moja na suruali mbili mkononi. Alisubiri mteja aondoke. Aliniuliza kama naweza kushona ndani ya suruali, pale mbele, kitambaa cha pamba cha mikunjo mitatu, kinachoweza kutolewa na kufuliwa. Aliuliza akiangalia barabara. Nilisema naweza. Nikauliza kama amekwenda kwa daktari.

"Daktari gani?"

Sikuwa nimefikiri mpaka hapo. Aliona kwamba nimefika pale alipo, akacheka kidogo, bila sauti.

"Weye hauko muko wangu, hauko mutoto wangu," akasema. "Njo maana naweza kukuambia. Ile kitu ya liputa, iko ndani yangu. Najua. Nilikata bale bantu bote, siwezi kukosa kujua."

Nikasema kuna hospitali nyingine, kuna miji mingine, mpaka Sakania na ng'ambo ya mpaka. Akasema kila mganga wa mkojo katika mkoa huu alisoma na mkwe wake au alifundishwa naye, na kabla hajavaa suruali yake simu ingekuwa imelia. Nikasema basi amwambie mke wake. Akasema akimwambia mke ana ugonjwa wa mahali pale, mke atasikia neno moja tu: Kasenga. Nikasema basi aombe huyo kuku mweupe. Akasema kumwita mkwe alete kuku, baada ya kumkatalia mbele ya watu, ni kutangaza barabarani kwamba una kitu cha kumwonyesha.

Aliniapisha. Nilishona vitambaa sita. Na mimi ninayeimba nikishona, nikaacha kuimba, maana mkewe alikuwa akija kuketi karibu na cherehani na kuniuliza taratibu, binti yangu, weye unaonaka yote apa, hajawahi kupigaka simu ya Kasenga? Nikasema sijui. Nilikuwa nasema kweli na ilikuwa na ladha ya uongo. Asubuhi nilimkuta Papa Labo ameegemea ukuta wa choo kwa kipaji cha uso, mchana nilimkuta yuleyule ukuta uleule, na mimi nilikuwa na ufunguo mdomoni na siwezi kuutema.

Ilikuwa Jumapili baada ya misa. Hakuweza kukojoa tangu jana yake. Tumbo lilikuwa limevimba chini ya kitovu kama boga, amelala kwenye mkeka wa chumbani, jasho linamtoka, anauma kona ya mto. Mkewe alisimama mlangoni.

"Kasenga," alisema. "Niambie paka jina yake, jina tu. Nitaenda miye mwenyewe kuomba bwana yake musamaha. Unakufa juu ya haya?"

Papa Labo alifumba macho. Aliniona nyuma ya bega la mkewe na akatikisa kichwa: hapana.

Nilikwenda kwenye droo. Nikarudi na kile kipande cha kitenge, taa na hindi, pini mbili zikiwa zimeshika kutu. Nikamwonyesha mama. Sina shule ya kutosha. Nilisema kama nilivyoambiwa. Nikamwambia hakuna mwanamke, kuna kitambaa kilichoshonwa vibaya ndani yake, zamani, labda kabla hata samaki wa kwanza wa Kasenga hajanunuliwa. Nikamwambia anajua, na kwamba anakufa kwa ajili ya muko.

Mama alikishika kile kipande. Alikigeuza upande wa pili, kama mwanamke anayeangalia kama rangi itatoka.

"Nani alikata hii?" akauliza.

"Yeye."

"Njo maana iko nyembamba," akasema, na akaanza kulia, na akilia hivyohivyo akachukua simu. Alimwambia binti yake sentensi moja: mumeo aje sasa, na kuku mweupe, na kitambaa, na bilombo, vyombo vyake vya kazi, na asiulize.

Daktari alifika mbio na mkewe, shati lake la misa limetoka nje, kuku chini ya kwapa, begi mkononi. Alipiga magoti uani, mbali na mlango, akageuza uso, akakohoa mara mbili. Kutoka chumbani sauti ya Papa Labo ikasikika, nyembamba lakini wazi.

"Ile kuku iko rangi gani?"

Tukaangalia kuku. Alikuwa wa kahawia. Jumapili, saa sita, kuku wa kwanza aliyepatikana.

"Papa," daktari akasema akiangalia ukuta, "iko karibu nyeupe."

"Karibu haiko nyeupe."

"Papa, kibofu yako itapasuka."

"Muko hawezi kusema kibofu yangu," ikajibu sauti. "Haya haiyatoka."

Nawaambieni, tulisimama uani watu wanne, na kuku mmoja, na hakuna aliyejua afanye nini. Daktari alikuwa na mrija ndani ya begi. Hatua kumi na mbili na yule mtu angepona maumivu. Hakuvuka mlango. Alikuwa analia, lakini hakuvuka. Ningekuwa mgeni ningewasukuma wote. Sikuwa mgeni.

Mama ndiye aliyemchukua kuku kutoka mikononi mwa daktari. Aliingia jikoni, akafungua pipa la unga wa bukari, akamzamisha kuku mzima mpaka shingoni, akamgeuza, akamtoa. Kuku akapiga chafya. Akambeba hivyo mpaka kwenye mkeka, unga unadondoka njia nzima, na akamweka mbele ya mume wake.

"Weye ulipakaka bantu rangi myaka yote ile juu baonekane," akasema. "Na miye nimepaka."

Tukasikia sauti tuliyodhani ni ya kufa, na ilikuwa kicheko. Alicheka akishika tumbo kwa mikono miwili, anaumia na anacheka, machozi yanaingia masikioni, na katikati ya kicheko akasema, "Aingie."

Mlango ulifungwa. Baada ya muda tulisikia maji yakianguka ndani ya beseni, muda mrefu sana, na mama akakaa chini palepale kwenye unga.

Yule kuku walimla siku ya tatu, sahani moja, baba-mkwe na mkwe, mmoja akiangalia dirisha na mwingine kalenda. Haya ilitoka mdomoni. Machoni ilibaki.

Mimi Papa Labo hakunisalimia wiki tano. Alikuwa anapita na mrija wake umefichwa kwenye suruali niliyoishona mimi, na anageuka upande wa maua. Nilikuwa nimefungua mdomo juu ya mgonjwa, na kwake hilo halikuwa na kuku wa kulitosha. Siku alipozungumza nami ilikuwa kulalamika. Walimtoa vipande, alisema, na wale vijana wa labo walimkata yeye mwenyewe vibaya, kipande kimejikunja kama chapati. Aliwanyang'anya, akakata upya. Mkono haukutetemeka, alisema, kisha akasema ulitetemeka kidogo. Profesa alikuwa ameacha chupa ndogo ya rangi inayoonyesha jeni ya hindi. Penye muungano panageuka kahawia. Alipaka. Alisubiri. Akaweka jicho kwenye mikroskopi.

"Kahawia," akaniambia. "Kama kuku ya muko."

Tulicheka, tukaacha.

Ugonjwa ulikuwa umeshafika kwenye mifupa ya nyonga na mgongo. Mkwe alimweleza, akiongea na kalenda, kwamba hapo lazima mafuta ya taa yakauke, na njia ni mbili. Kuna sindano za maisha yote, ambazo mjini mwezi huu zipo, mwezi ujao hazipo. Na kuna upasuaji mmoja, mara moja tu, wa kutoa zile korodani mbili zinazoyatengeneza. Hapo Papa Labo, aliyefundisha jambo hili soko zima, akawa hajui kitu. Alikataa kabla ya Pasaka kwa sababu ya Pasaka. Baada ya Pasaka akasema mvua bado. Nilimwuliza kama hamwamini mkwe wake, akasema shida ni kwamba anaamini, tena anaelewa kuliko wote; mjinga ana bahati, anaweza kusema madaktari wamekosea.

"Banataka kukausha taa," alisema. "Sawa. Na mwenye taa, atakuwa nani?"

Mkewe alikuwa akichambua maharage. Hakuinua kichwa.

"Miye niliolewaka na taa?"

Papa Labo aliingia ndani, na tuliisikia fimbo aliyoanza kutembelea ikizunguka chumba, ukuta mpaka ukuta.

Kufikia hapo mimi nilihama. Nilipata kibanda upande mwingine wa mji, mlango wake nusu ni kioo, nusu ni mbao, na nusu ile ilinifurahisha sana. Niliporudi kumwona ilikuwa asubuhi ya siku ya kazi, nimembebea suruali mpya, pana, ya kamba kiunoni.

Gari la mkwe lilikuwa uani, mlango wa mbele uko wazi. Papa Labo alikuwa amekaa ndani, amevaa koti lake la kanisa. Mguu wa kushoto ulikuwa ndani ya gari. Wa kulia ulikuwa nje, kiatu juu ya udongo.

Mama alinivuta jikoni. Akaninong'oneza kwamba jana usiku alisema neno moja tu, kesho, na leo amejitembeza mwenyewe mpaka kwenye gari, hakutaka kushikwa. Alikaa, akaingiza mguu mmoja, halafu basi.

"Saa nzima sasa," akasema. "Usimusukume. Anafikiri."

Mkwe alikuwa amesimama kwenye bomba, mgongo kwa gari, anaangalia simu iliyozima. Hospitali walikuwa wameandaa chumba cha upasuaji tangu saa mbili, na alijua wakipita saa nne kitapewa mwingine. Lakini kwa jambo kama lile mzee haharakishwi. Binti alikuwa amekaa kwenye ngazi na kitambaa mdomoni. Wote walikuwa wakiutazama ule mguu bila kuutazama, na mimi nikautazama pia. Niliona ule mguu ndio unaoamua.

Nilimsogelea na suruali yangu. Uso wake ulikuwa umelowa jasho. Alishika kitambaa, akakipima kwa kidole gumba, akasema mshono wa ndani ni mzuri. Kisha akauliza, kwa sauti ya chini, wale kule wanasema nini.

"Banasema unafikiri, Papa."

"Nilimalizaka kufikiri jana," akasema.

Aliangalia kiatu chake pale chini kama kitu cha mtu mwingine.

"Ile mguu hainyanyuke. Tangu nilikaa, mufupa inakatala. Nilingoja kidogo, nikasema itapita. Sasa beye bote banasimama pale na heshima yabo, hakuna mwenye kukaribia."

"Juu ya nini haukuita, Papa?"

"Niite nani? Mama hana nguvu." Akatupa jicho upande wa bomba. "Na ule mwingine, nitamuambia namna gani, muko, njoo unibebe mguu?"

Niliinama. Nilishika kiatu na shavu la mguu, nikajaribu, na akatoa sauti ndogo nikaacha. Ulikuwa mzito kuliko nilivyodhani, na nilikuwa naushika mahali pabaya. Nilibaki nimechuchumaa, mguu wake juu ya mapaja yangu, siwezi kuuinua wala kuushusha.

Kivuli kikatufikia. Sikuwa nimemwita mtu. Mkwe alipiga magoti kwenye vumbi na suruali yake ya kazi, akapitisha mkono mmoja chini ya goti na mwingine chini ya kisigino, bila kusema kitu, akihesabu pumzi za mzee. Papa Labo aligeuza uso upande wa pili, kwenye usukani. Lakini wakati mguu unapanda alikosa pa kujishikilia, na mkono wake ukatafuta hewani, ukatafuta, ukatua juu ya kichwa cha mkwe wake.

Ulibaki hapo mpaka mguu ukaingia ndani, na baada ya mguu kuingia ulibaki kidogo tena.

"Funga mulango," akasema.